Tasnifu Zilizobaki Kwenye Maboksi

Kisa kinaanzia kwenye maboksi. Yalipangwa ukutani katika chumba cha katalogi cha maktaba ya chuo kimoja, yaani mahali panapoandaliwa orodha ya kutafutia vitabu, moja juu ya jingine hadi usawa wa bega, na ndani yake mlikuwa na tasnifu za uzamili na uzamivu za wanafunzi wa chuo hichohicho. Mwanafunzi anahangaika na utafiti wake kwa miaka, anautetea mbele ya jopo, anawasilisha nakala maktabani kama kanuni inavyomtaka, kisha nakala hiyo inaingia boksini na hakuna anayeweza kuipata kwa kuwa haimo kwenye katalogi. Huku maboksi yakiongezeka, taarifa ya kila mwezi iliyokwenda kwa uongozi wa chuo ilionyesha kwamba chumba chetu kinatoa kazi nyingi kuliko wakati wowote uliopita. Taarifa haikuwa ya uongo.

Nilifanya kazi katika chumba hicho chini ya wakuu watatu waliofuatana. Maktaba siitaji, wala watu wake, kwa sababu ninachotaka kukieleza hakikuwa ubaya wa mtu. Nataka kueleza jinsi wakuu wawili wa tabia tofauti kabisa, mmoja mpole na mmoja mkali, walivyowavunja moyo watu walewale kwa njia inayofanana, na jinsi wa tatu alivyowarudishia ari bila mshahara wa mtu yeyote kuongezeka.

Mzee

Wa kwanza tulimwita Mzee. Alikuwa msomi wa kweli, mwenye kumbukumbu ya vitabu ya kushangaza, na hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Ukienda ofisini kwake na tatizo alikusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ninyi ni wataalamu. Fanyeni mnavyoona inafaa." Miezi ya mwanzo maneno hayo yalinipa fahari. Baadaye nikagundua kwamba yapo maamuzi ambayo mtu wa mezani hawezi kuyafanya peke yake, hata awe mtaalamu wa namna gani.

Chukua namba za tasnifu. Wenzetu wawili waliokuwa wakizishughulikia hawakukubaliana. Mmoja aliziainisha kwa mada, kila moja na namba yake ya Dewey (mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada), ili tasnifu ya uchumi iwe na namba inayofanana na ya vitabu vya uchumi na msomaji azione pamoja anapotafuta. Mwingine aliona zipangwe kwa idara na mwaka tu, kwa kuwa hazitoki nje ya maktaba na huombwa dawatini. Njia zote mbili zinatumika katika maktaba za vyuo, na kila moja ina hoja yake. Kilichohitajika ni mtu mmoja mwenye mamlaka kusema: tunafuata hii. Mzee aliwaambia wakubaliane wenyewe. Hawakukubaliana. Wakaanza kusahihishana kazi kimyakimya, huyu akibandua lebo iliyobandikwa na yule, na mwisho wote wawili wakaziacha tasnifu, wakahamia kwenye vitabu vya kawaida ambavyo havikuwa na ugomvi. Boksi la kwanza liliwekwa ukutani wakati huo.

Ninasisitiza hilo kwa sababu baadaye, mambo yalipokuwa magumu, wengi walizoea kusema kwamba enzi za Mzee hapakuwa na tatizo. Tatizo lilizaliwa enzi zake. Katika mfumo wa kuchambua uongozi uliokua kutokana na kazi ya mtafiti wa uongozi Bernard Bass ya mwaka 1985, ambayo nayo iliendeleza mawazo ya James MacGregor Burns ya mwaka 1978 kuhusu uongozi wa mageuzi (unaoinua maono na ari ya watu) na uongozi wa kubadilishana (kazi kwa malipo au tuzo), kuwaachia watu kila kitu hakuhesabiwi kuwa uhuru. Kunahesabiwa kuwa ni kukosekana kwa uongozi. Kwa mtu mwema kama Mzee naiona hukumu hiyo kuwa kali, lakini kuhusu tasnifu ni ya haki. Uhuru aliotupa ulikuwa wa mtu aliyeachwa peke yake na mgogoro usiokuwa wake kuumaliza.

Mkurugenzi wa namba

Wa pili alikuja baada ya Mzee kustaafu, na alikuta maktaba ambayo dawati la kuazimia lilifunguliwa kutegemea nani ana zamu. Ndani ya wiki chache dawati likawa linafunguliwa kwa wakati, siku zote. Naanza na hilo kwa sababu husahauliwa. Wanafunzi waliozoea kusubiri mlangoni hawakuhitaji nadharia yoyote kuona tofauti. Isitoshe, mkurugenzi huyu alikuwa na shinikizo lake: uongozi wa chuo ulimtaka athibitishe kila mwaka kwamba maktaba inastahili bajeti yake, na uthibitisho unaosomeka haraka mezani kwa wakubwa ni namba.

Basi akaleta namba. Kila mtu wa katalogi aingize vitabu 20 kwa siku. Daftari la mahudhurio lisainiwe asubuhi na jioni. Mtu wa dawatini asiondoke dawatini kwa sababu yoyote. Anayeshindwa kufikisha idadi wiki mbili mfululizo anaandika barua ya kujieleza.

Idadi ilipanda, na haikupanda kwa hila. Kazi ya mwanasaikolojia Edwin Locke, kuanzia makala yake ya mwaka 1968, imeonyesha kwamba lengo mahususi na gumu huwafanya watu wafanye zaidi kuliko kuambiwa wajitahidi kadiri wawezavyo. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Shida ilikuwa kwenye kitu kilichohesabiwa.

Kwa asiyekijua chumba cha katalogi, nieleze kidogo. Kitabu cha kiada kutoka kwa mchapishaji mkubwa kwa kawaida kimeshaingizwa kwenye katalogi na maktaba nyingine. Unatafuta rekodi yake, unailinganisha na kitabu kilicho mkononi, unarekebisha palipo na tofauti, unaihifadhi. Ni dakika chache. Tasnifu haina rekodi mahali popote, kwa sababu ipo hapo tu ilipoandikwa. Ni lazima usome ikisiri, upitie yaliyomo, uelewe mwandishi alikuwa anachunguza nini hasa, uchague vichwa vya mada ambavyo msomaji atavifikiria, utunge namba, uandike rekodi kuanzia mstari wa kwanza. Tasnifu moja ngumu inaweza kukumeza asubuhi nzima. Kwa kipimo cha mkurugenzi, asubuhi hiyo nzima ilihesabiwa kama moja.

Hatukukaa kikao kuamua kuzitelekeza. Kila mmoja wetu, asubuhi yake, alinyoosha mkono kwenye rundo na kuchukua kitabu chepesi. Nami nilifanya hivyo. Nakumbuka nikishika tasnifu ya mtu niliyemfahamu, nikaigeuza, nikatazama saa, nikairudisha. Ripoti za utafiti, na vitabu vya lugha ambazo maktaba nyingine hazikuwa na rekodi zake za kunakili, vilifuata njia hiyohiyo. Vile ambavyo maktaba yetu pekee duniani ilikuwa navyo, vikawa ndivyo visivyopatikana.

Mwenzangu mmoja alimwendea. "Mkurugenzi, tasnifu zinatushinda kwa sababu ya idadi."

"Idadi inafikiwa. Kila wiki naiona inafikiwa."

"Inafikiwa kwa vitabu vyepesi."

"Basi fikisheni idadi kwa vyepesi, vigumu mfanye muda unaobaki."

Jibu hilo lilikuwa na mantiki kwa mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye ile meza. Hakuna muda unaobaki katika siku ya vitabu 20.

Upande wa dawati palikuwa na mtumishi wa muda mrefu, msaidizi asiye na shahada, ambaye ndiye niliyemheshimu kuliko sote. Zamani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akija na swali lisiloeleweka, alitoka nyuma ya dawati na kumpeleka hadi kwenye rafu, huku akimwonyesha jinsi namba za migongoni mwa vitabu zinavyosomeka. Kila akirudi aliokota vitabu vilivyowekwa pasipo pao. Hakuna aliyemwagiza. Amri ya kutoondoka dawatini ilipotoka aliitii kwa ukamilifu. Akawa ananyoosha kidole: "Ghorofa ya pili, kushoto." Baada ya miezi kadhaa rafu za ghorofa ya pili zikavurugika, na kikaitishwa kikao kujadili uzembe wa watu wa rafu. Katika kikao hicho hakusema neno. Nilipomuuliza baadaye, alisema tu, "Nimeambiwa nikae. Nimekaa."

Wiki mbili za kutokuwepo

Mwaka 1939 mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha majaribio ya vikundi vya wavulana wadogo waliokuwa wakifanya kazi za mikono chini ya viongozi wazima wa mitindo mitatu: wa kuamuru, wa kushirikisha na wa kuachia. Jambo ninalolikumbuka zaidi katika majaribio hayo ni kilichotokea kiongozi alipotoka chumbani. Waliokuwa chini ya wa kuamuru walipunguza kazi mara moja. Waliokuwa chini ya wa kushirikisha waliendelea karibu kama kawaida.

Mkurugenzi wetu alisafiri kikazi kwa wiki mbili. Daftari lilisainiwa kama kawaida, na idadi ilifikishwa, kwa sababu sote tulijua atakaporudi ataitazama. Kilichotoweka ni kila kitu kisichoandikwa. Simu ya dawatini iliita bila kupokelewa kwa kuwa kupokea simu hakukuwa kwenye orodha ya majukumu ya mtu. Printa ya wanafunzi ilikaa siku nne bila karatasi, karatasi zikiwa stoo. Mhadhiri alituma maombi ya vitabu vya kozi inayoanza, na barua pepe yake ikapita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu hadi kozi ikaanza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi ya maktaba, sehemu kubwa yake, inafanywa katika mambo madogo ambayo mtu huyafanya kwa kuwa anajali, na kwamba kujali huko kulikuwa kumekufa ndani yetu bila namba hata moja kushuka.

Viti

Aliporudi alisikia manung'uniko, na kwa heshima yake niseme aliyachukulia kwa uzito. Aliitisha mkutano akataka kila mtu aseme shida yake. Tukasema: viti vibovu, chumba kina joto, kompyuta zinakwama, zamu za jioni hazigawanywi sawa, mishahara midogo. Aliyoyaweza aliyatekeleza. Vikaja viti vipya, dirisha lililokwama likatengenezwa, ratiba ya zamu ikabandikwa mwezi mzima kabla.

Watu waliacha kunung'unika kuhusu viti. Maboksi hayakupungua hata moja.

Frederick Herzberg na wenzake walichapisha mwaka 1959 utafiti wa wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani, walioulizwa ni lini walijisikia vizuri sana kazini na ni lini vibaya sana. Waliposimulia vibaya, walitaja sera, usimamizi, mazingira, malipo. Waliposimulia vizuri, walitaja kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa dhamana. Herzberg alihitimisha kwamba orodha ya kwanza ikirekebishwa huondoa kero lakini haileti ari. Wapo wanaompinga, na hoja yao ina uzito: binadamu akifanikiwa hujisifu mwenyewe, akishindwa hulaumu mazingira, kwa hiyo orodha mbili zinaweza kuwa zimezaliwa na namna ya kuuliza. Ila katika mkutano wetu wa viti mimi nilikuwepo, na niliona tulivyotaja tulichoweza kukitaja. Ni rahisi kumwambia bosi kiti kimevunjika. Ni vigumu kusimama mbele ya watu na kusema, "Siku hizi sioni aibu kurudisha tasnifu kwenye boksi."

Naibu

Mkurugenzi alipata kazi kwingine, na wakati nafasi inatangazwa, naibu wake akakaimu kwa miezi minane. Tulimwita Mama. Sikutarajia makubwa; chini ya wakuu wote wawili alikuwa mtu wa kimya.

Wiki ya kwanza hakuitisha kikao. Alikuja chumba cha katalogi, akavuta kiti, akafungua boksi la chini kabisa, akatoa tasnifu na kuanza kuiingiza. Alikaa hapo siku tano. Alituuliza maswali ya kijinga na ya maana. Siku ya tatu alikwama kwenye namba, wale wenzetu wawili wakaanza kubishana mbele yake kama enzi za Mzee, naye akawasikiliza wote hadi wakamaliza hoja. Kisha akasema: "Tutaziainisha kwa mada. Nimesikia sababu za upande wa pili, na namba za zamani hatutazibadilisha. Kuanzia leo ni kwa mada." Ugomvi wa miaka uliisha kwa sentensi tatu, na hata aliyeshindwa alionekana kupumua.

Baada ya hapo ndipo alipotuuliza tungependa kugawana vipi. Tulichokubaliana kilikuwa kila mmoja achukue fani zake, na kila kitu cha fani hizo, chepesi na kigumu, kiwe chake tangu kinapoingia mlangoni hadi kinapokaa kwenye rafu au kuonekana kwenye katalogi. Vichwa vya mada aamue mwenyewe. Idadi ya 20 ikafutwa, ikawekwa kanuni moja: kitu chochote kisizidi siku 90 chumbani. Mtu mwenye boksi la zamani aliruhusiwa kusimamisha vitabu vyepesi kwa muda.

Richard Hackman na Greg Oldham, katika makala yao ya mwaka 1976, walitaja sifa za kazi zinazomfanya mtu aisukume mwenyewe: kutumia ujuzi wa aina mbalimbali, kufanya kitu kizima tangu mwanzo hadi mwisho, kuona umuhimu wake kwa wengine, kuwa na uamuzi, na kupata mrejesho. Mama hakuwahi kutaja majina hayo, lakini alizigusa zote tano. Mrejesho aliuleta kwa njia ambayo sikuwa nimeifikiria. Mwanafunzi au mhadhiri akiomba tasnifu dawatini, jina la tasnifu liliandikwa na kurudishwa kwa aliyeiingiza. Mara ya kwanza niliporudishiwa karatasi hiyo nilisimama na kwenda kumtazama msomaji kwa mbali. Alikuwa binti mmoja, ameinama, ananukuu. Niliirudia kazi yangu siku hiyo kwa namna ambayo sikuwa nimeifanya kwa miaka.

Hapa nakumbuka kisa cha S. R. Ranganathan wa India, ambaye wakutubi wengi tunamjua kwa sheria zake tano za ukutubi za mwaka 1931. Alipoteuliwa kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924 alikuwa mwalimu wa hisabati, na kazi ilimchosha upesi kiasi cha kuomba arudi darasani. Alikubaliwa kwa sharti kwamba aende kwanza Uingereza kusoma ukutubi. Akirudi na bado imemchosha, nafasi yake ya kufundisha atapewa. Huko alitembelea maktaba nyingi, akaona maswali yaliyomo katika kazi hiyo, na darasani hakurudi tena. Hakuna aliyembadilishia mshahara au kiti. Alichopata ni tatizo linalostahili akili yake. Tasnifu zetu zilikuwa tatizo la namna hiyo, nasi tulikuwa tumelipwa kulikwepa.

Niseme pia ambacho Mama hakukibadilisha, maana wanaosimulia kisa hiki husema alileta demokrasia. Daftari la mahudhurio lilibaki. Saa ya kufungua dawati haikujadiliwa na mtu. Mtumishi mpya, aliyekuja kutoka chuoni moja kwa moja, alipewa fani zake kama sisi na akapotea kabisa. Mama alipogundua, alimwondolea uhuru huo, akamweka chini ya mtu mmoja na kumpangia kazi ya kila siku kwa miezi mitatu. Wataalamu wa uongozi Paul Hersey na Ken Blanchard walikuwa wakifundisha tangu mwaka 1969 kwamba mtindo ufuate kiwango cha anayeongozwa. Kijana yule alihitaji kuamriwa, na kuamriwa kulimsaidia.

Na yupo ambaye hakufaidika ipasavyo. Mtumishi wa dawatini aliruhusiwa tena kutoka, na alitoka. Rafu za ghorofa ya pili zilianza kusomeka. Mama alimpa jukumu la kuwafundisha wanafunzi wapya kila mwanzo wa mwaka. Lakini alikuwa amefika mwisho wa ngazi ya wasaidizi miaka mingi nyuma. Muundo wa utumishi ulitaka shahada ili kuvuka, na ruhusa ya masomo yenye malipo ilikuwa ya wale waliokwisha kuvuka. Mama aliandika barua mara tatu kuomba afikiriwe. Hakufikiriwa. Nasoma chambuzi nyingi zinazotuambia kwamba kiongozi mwenye maono huamsha ari ya kila mtumishi, na kila mara namkumbuka yeye. Ukuta wake haukujengwa na mkurugenzi yeyote, na hakuna mtindo wa uongozi uliofika juu vya kutosha kuubomoa. Anayetaka kuzungumza kwa dhati kuhusu motisha katika maktaba za vyuo aanze na tabaka hili, kwa sababu ndilo linalokutana na wasomaji wengi zaidi.

Kaimu alipomaliza miezi yake, ukuta wa chumba cha katalogi ulikuwa na maboksi matatu, yote ya fani za kijana mpya. Nafasi ilipojazwa, mkurugenzi mpya, mtu wa tatu kushika rasmi kiti hicho nikiwa pale, alipita kila chumba kusalimia, akaomba taarifa ya katalogi ya kila mwezi kama chuo kilivyoizoea. Mama, aliyerudi kwenye unaibu wake, aliniita niiandae. Nikaweka idadi. Aliitazama, akachukua kalamu, akachora safu ya pili pembeni na kuandika juu yake kwa mkono: "Umri wa kitu cha zamani zaidi chumbani." Akaniambia nijaze na hiyo, kila mwezi, hata asipoulizia mtu.